Maboksi 12 yaliyorudi: nilivyojifunza kombinesheni kwa hasara

Yule mnunuzi kutoka Dar hakuja na kipimo chochote zaidi ya kidole gumba. Anafungua boksi, anachomoa maparachichi matatu popote mkono unapoangukia, anabonyeza kila moja karibu na kikonyo. Yote matatu yakiwa magumu, boksi linapanda gari. Moja likibonyea, boksi zima linawekwa pembeni, na ukimwomba achomoe tena anakuangalia tu kama hakusikia.

Ilikuwa Julai, Tukuyu, ile baridi ambayo saa nne asubuhi ukungu bado haujaondoka na watu bado wamejifunga mashuka mabegani. Shangazi alikuwa na maboksi 40 ya Hass, yale ya kilo nne, kila boksi matunda 20. Tulijua mzigo una kasoro. Vijana wa kuchuma walikuwa wametikisa matawi ya juu badala ya kupanda na mfuko, matunda yakagonga chini, na parachichi lililogonga chini halikuonyeshi kidonda siku hiyohiyo. Linakungoja mbele. Usiku tulichambua kwa tochi za simu, tukatoa tuliyoyaona, na shangazi akakadiria kwamba kila boksi limebakiwa na mabovu kama mawili.

"Mawili kwenye ishirini ni moja ya kumi," akasema. "Kwa hiyo katika maboksi arobaini atakataa manne. Manne hayaniumizi."

Mimi ndiye niliyekuwa nimemaliza kidato cha sita pale nyumbani, tena mwenye Hisabati kwenye masomo yangu. Nikaitikia.

Yakarudi 12.

Mnunuzi alikuwa analipa 10,000 kwa boksi. Yale 12 tuliyamwaga tukauza kwa mafungu, mengine sokoni Tukuyu, mengine nikayapeleka Kiwira, tukaambulia 38,000 mahali pa 120,000. Ndani ya hela hiyo ndimo ilimokuwa ada yangu ya kurisiti. Maana wiki ileile matokeo yalikuwa yametoka, na kwenye Hisabati nilikuwa na S. S siyo F, ni kweli, lakini kozi niliyoitaka haikuwa na mlango wa watu wa S.

Jioni shangazi akiwa anachochea moto, bila hata kunigeukia, akauliza: "Hivi wewe huko Iringa si ulisoma kombinesheni?"

Alimaanisha EGM. Kwetu ukisema kombinesheni kila mtu anawaza zile herufi tatu za kidato cha tano: PCM, HGL, EGM. Lakini mimi swali lilinichoma mahali pengine. Kulikuwa na kombinesheni nyingine, ile iliyo ndani ya mada ya uwezekano, ambayo niliipita shuleni kwa kukariri fomula na kuomba Mungu. Na nilihisi, ingawa sikuweza kuthibitisha, kwamba yale maboksi 12 yalikuwa yamejificha humo.

Naandika haya kwa ajili ya anayerisiti kama mimi, au aliye kidato cha sita sasa hivi na anafika kwenye mada hiyo akiwa na fomula mkononi bila kujua aitumie lini. Makosa niliyoyafanya ni matatu au manne tu, ila niliyarudia kwa miezi.

Kosa la kwanza nililifanya usiku uleule, kwenye daftari la mauzo. Nikasema: akichomoa tunda moja, uwezekano wa kupata bovu ni 2/20. Anachomoa matatu, basi nijumlishe mara tatu: 6/20, yaani asilimia 30. Asilimia 30 ya maboksi 40 ni 12. Kumi na mbili kamili! Karibu nimwamshe shangazi. Nilikuwa nimepata jibu lile lile ambalo maisha yenyewe yalikuwa yametoa mchana. Nani angenibishia?

Aliyenibishia alikuwa mzee mmoja wa Soweto, Mbeya mjini, mwalimu mstaafu anayefundisha tuisheni sebuleni kwake. Nilimfikia kwa kuulizia, nikawa nashuka kwake kila Jumamosi kwa Kosta, nikipita Isyonje wakati watu ndiyo kwanza wanapanga ndoo za viazi barabarani. Elfu tatu kwa kipindi, na ukichelewa anaanza bila wewe. Siku ya kwanza nikamwonyesha ushindi wangu. Akaisoma, akavua miwani.

"Sawa, binti. Sasa huyo mnunuzi wako akichomoa matunda kumi na moja je?"

Nikajumlisha: 22/20.

"Uwezekano wa asilimia mia na kumi," akasema. "Hapo atakataa na boksi ambalo hujalipaki."

Nilicheka lakini nilikuwa na aibu. Njia inayokupeleka kwenye asilimia 110 ilikuwa mbovu tangu mwanzo, hata kama kwenye matunda matatu inaonekana kukaa sawa. Kufanana na kilichotokea siku moja sokoni hakuipi uhalali. Jibu sahihi, nilikuja kulipata baadaye, linatoa maboksi 11 na kidogo. Yaani ile siku, kwa bahati, jibu langu la makosa lilikaa karibu zaidi na kilichotokea kuliko jibu la kweli. Mpaka leo kila nikikumbuka hilo linaniudhi kidogo.

Mwalimu hakugusa fomula siku hiyo. Aliniuliza kama shangazi anacheza mchezo. Nikamwambia ndiyo, na wenzake wa sokoni, watu 9, wanawake watano na wanaume wanne, kila wiki wote wanachanga na mmoja anapokea. Akasema, mchezo unaanza upya. Nitajie njia zote za kupanga nani anapokea wiki ya kwanza, nani ya pili, nani ya tatu.

Wiki ya kwanza kuna watu 9 wa kuchagua, ya pili wamebaki 8, ya tatu 7. Mara, mara: 504.

"Haya. Kuna msiba. Kikundi kinatuma watu watatu wakapeleke rambirambi. Njia ngapi?"

Nikasema 504.

Akaniuliza: kama shangazi, mama wa nyanya na baba wa mchele ndio wanaoenda msibani, kuna ubaya gani ukiwataja kuanzia baba wa mchele? Hakuna. Ni watu walewale, wamekaa kwenye bajaji ileile. Lakini kwenye mchezo, kuna ubaya gani ukibadilisha nani anapokea kwanza? Hapo unaweza kuvunja kikundi. Anayepokea wiki ya kwanza analipa ada ya mtoto, anayepokea wiki ya tisa amekopesha wenzake miezi miwili.

Kwa hiyo kila kundi moja la msibani limehesabiwa mara kadhaa ndani ya zile 504. Mara ngapi? Watu watatu wanaweza kupanga foleni kwa njia 3 × 2 × 1, yaani 6. Gawanya 504 kwa 6, unapata 84. Hiyo ndiyo 9C3, na wanafunzi wengi wanaiona kama uchawi wa kikokotoo, kumbe ni foleni iliyofutwa. Ile sita chini ndiyo faktoria ya tatu, na kazi yake kwenye fomula ni kufuta foleni, basi.

Nilipotoka kwake nilikuwa nawaza herufi za shule. Mtu wa PCM hata ukimwita CPM ni mtu yuleyule, darasa lilelile. Ndiyo maana jina lile linafaa: Fizikia, Kemia, Hisabati, hazina foleni. Namba ya siri ya simu yako ndiyo yenye foleni. Ukigeuza tarakimu mbili hupati hela. Sijui kwa nini shuleni hakuna aliyenionyesha kwamba neno lenyewe tunalitumia kila siku.

Sasa kosa la pili, ambalo ndilo lililonila alama kwenye mtihani wa kwanza, na ambalo naona wengi wanalifanya. Swali la aina hii: katika kundi lile la watu 9, wanawake 5 na wanaume 4, wanachaguliwa watatu bila upendeleo. Kuna uwezekano gani wawili wawe wanawake na mmoja mwanaume?

Juu nilihesabu vizuri. Wanawake wawili kati ya watano: 5C2 ni 10. Mwanaume mmoja kati ya wanne: 4. Kumi mara nne, 40. Chini nikaandika 504, kwa sababu kichwani nilikuwa bado na 9 × 8 × 7. Jibu: 40/504, kama asilimia 8. Nikapigia mstari chini yake.

Mwalimu hakusema nimekosa. Alisema tu: "Wanawake ndio wengi kwenye hilo kundi. Wawili kwa mmoja ndiyo sura ya kawaida kabisa. Inatokeaje mara nane tu katika mia?" Hapo ndipo nilipoona. Kwenye kiasi nilikuwa nimehesabu makundi, kwenye asili nimehesabu foleni. Ni kama kupima gunia kwa kilo na kuligawanya kwa debe. Chini inatakiwa 84, jibu ni 40/84, karibu asilimia 48.

Kuna namna ya kujikagua ambayo sikuwahi kufundishwa na ningeilipia hata elfu kumi. Hesabu sura zote. Wanawake sifuri: 4. Mwanamke mmoja: 5 mara 6, ni 30. Wawili: 40. Wote watatu: 10. Jumlisha: 4 na 30 na 40 na 10 ni 84. Zikifika 84, juu na chini vinaongea lugha moja. Zisipofika, kuna mahali umeteleza, na utajua kabla msahihishaji hajajua. Inachukua dakika moja.

Njia ya foleni nayo si haramu, mradi uifuate mpaka mwisho. Mwanamke, mwanamke, mwanaume: 5/9 × 4/8 × 4/7 inatoa 80/504. Hapa nilikuwa nasimama, naandika jibu, nafunga kalamu. Lakini hiyo ni foleni moja tu, ile ambayo mwanaume ametoka wa mwisho. Angeweza kutoka wa kwanza au wa katikati. Zidisha kwa 3, unapata 240/504, na ukirahisisha ni 40/84 ileile. Usahaulifu wa ile "mara 3" ulinigharimu kiasi kwamba kwa wiki nzima niliandika juu ya kila ukurasa wa kauntabuku: FOLENI NGAPI?

Naona nimekaa sana hapa, lakini ndipo penyewe. Mengine yote ni matawi.

Tawi moja lenye miiba ni neno "angalau". Mnunuzi wa shangazi anakataa boksi akipata angalau bovu moja. Tatizo langu lilianzia kwenye masikio. Katika Kiswahili chetu cha kila siku angalau ni neno la kujifariji: angalau mvua imenyesha, angalau umepata S. Kwa hiyo nilipokuwa nasoma swali la Kiingereza na kulitafsiri kichwani, "angalau moja bovu" likawa "moja tu, inatosha". Nikawa nahesabu boksi zenye bovu moja kamili na kusahau yule mwenye bahati mbaya anayechomoa yote mawili.

Nilipolielewa neno, nikafanya kosa la ujanja zaidi. Nikasema: nataka angalau bovu moja, basi nitahakikisha kwanza nimelishika. Nachagua bovu moja kati ya mawili: njia 2. Halafu mengine mawili yawe yoyote kati ya 19 yaliyobaki: 19C2 ni 171. Mbili mara 171, 342. Chini 20C3, ambayo ni 1,140. Jibu: 0.3. Ile asilimia 30 yangu ya usiku wa kwanza ikarudi kwa mlango wa nyuma, imevaa suti!

Nilibishana na mwalimu karibu nusu saa. Mwishowe akaniambia nirudi nyumbani nifanye kwa mikono, na namba ndogo.

Kwa hiyo jioni ile nikaweka maparachichi matano mezani kwa shangazi. Matatu mazima, mawili mabovu, na yale mabovu nikayakwangua kwa kisu: moja mstari mmoja, lingine mistari miwili. Nachomoa mawili. Nikaandika jozi zote, moja moja, na ni 10 tu. Zenye angalau bovu moja nikazihesabu kwa kidole: 7. Halafu nikatumia njia yangu: bovu moja kati ya mawili, njia 2, mara lolote kati ya manne yaliyobaki, 4. Nane.

Ya nane imetoka wapi? Nikazipitia. Nikamkuta mwizi: jozi ya mstari mmoja na mistari miwili. Njia yangu ilikuwa imeihesabu mara mbili. Mara ya kwanza nikimshika wa mstari mmoja kama "bovu langu la uhakika" na wa mistari miwili akaja kama "lolote". Mara ya pili kinyume chake. Mkononi ni matunda yaleyale mawili. Foleni ilikuwa imerudi kisirisiri ndani ya hesabu ambayo niliapa haina foleni.

Kwenye boksi la 20 wizi ni huohuo. Makundi yenye mabovu yote mawili ni 18, kwa sababu tunda la tatu ni lolote kati ya mazima 18. Njia yangu iliyahesabu mara mbili, ikazidisha 18. Toa 18 kwenye 342, unabaki na 324. Hizo 324 ndizo za kweli.

Na njia fupi ya kuzipata ni kuhesabu kile usichokitaka. Boksi linapona lini? Yote matatu yakitoka kwenye mazima 18. 18C3 ni 816. 1,140 toa 816 ni 324. Mwendo wa mistari miwili, hakuna wa kuhesabiwa mara mbili. Tangu siku hiyo nikiona "angalau" kwenye pepa, mkono wangu unaandika "1 toa" kabla sijafikiri. Siyo kila mara ndiyo njia fupi, ila mara nyingi ndiyo.

324 kwa 1,140 ni 27 kwa 95, kama asilimia 28. Mara maboksi 40, ni 11 na kidogo. Shangazi aliyetegemea manne hakuwa mjinga. Alihesabu tunda, mnunuzi akahesabu boksi. Bovu ni moja kati ya kumi, lakini kila boksi lilikuwa linapita mbele ya kidole gumba mara tatu.

(Kwa wale wakali: ndiyo, si kila boksi lilikuwa na mawili kamili. Mengine yalikuwa na moja, mengine manne. Nilichukulia mawili ili nipate pa kuanzia, na hata kwenye mtihani lazima ujue ni kitu gani umepewa na kipi umejichukulia mwenyewe.)

Kuhusu kikokotoo niseme haraka. Kitufe cha nCr na cha nPr kwenye changu ni majirani, na usiku mmoja nilifanya maswali sita kwa kitufe kisicho changu. Tangu hapo kabla ya kuanza nabonyeza 3, kile kitufe, 3. Ikija 1 niko kwenye kombinesheni, ikija 6 niko kwenye foleni. Halafu usikikimbilie. 18C3 juu ya 20C3, ukiandika wazi, ile sita ya faktoria iko juu na chini, inakatika. 18 iko juu na chini, inakatika. Unabaki na 17 × 16 juu ya 20 × 19. Hiyo unaifanya hata ukiwa umesimama kwenye Kosta.

Kuna siku nilidhani nimemaliza, na mwalimu akaniharibia. Akatoa dadu tatu za watoto. Akasema: jumla ya 9 inapatikana kwa seti sita: 1-2-6, 1-3-5, 1-4-4, 2-2-5, 2-3-4, 3-3-3. Jumla ya 10 nayo ina seti sita: 1-3-6, 1-4-5, 2-2-6, 2-3-5, 2-4-4, 3-3-4. Sita kwa sita. Basi uwezekano ni sawa?

Nikasema sawa, kwa kujiamini, maana si tumesema foleni hazina maana?

Wacheza kamari wa Italia waliona zamani kwamba 10 hutokea mara nyingi kidogo kuliko 9, na katika karne ya 17 Galileo akaandika kwa nini. Seti 1-2-6 inaweza kuangukia dadu tatu kwa njia 6. Seti 3-3-3 kwa njia moja tu. Ukihesabu njia zote 216 za dadu tatu, 9 ina 25 na 10 ina 27. Seti zipo sita kila upande, ila hazina uzito sawa, na kugawanya kunahitaji vitu vyenye uzito sawa. Kwenye boksi la parachichi kila kundi la matunda matatu lina nafasi sawa na jingine, ndiyo maana kombinesheni inafanya kazi. Kwenye dadu na sarafu, namba inaweza kujirudia, na hapo inabidi uirudishe foleni. Nilikuwa nimetoka kuifukuza kwa miezi mitano.

Mwalimu alipenda kusema hesabu hizi zilizaliwa kwenye kamari, na si uongo: mwaka 1654 Pascal na Fermat, Wafaransa wawili, waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana fedha za mchezo uliokatika kabla ya kwisha. Nilimpelekea stori hiyo binamu yangu wa Mwanjelwa, mtu wa mikeka ya kubeti, nikidhani itamgeuza. Nikamwonyesha na bahati nasibu ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1994 kwa kuchagua namba 6 kati ya 49: makundi 13,983,816, na lako ni moja. Mwaka 2015 wakaongeza namba zikawa 59, makundi yakapanda hadi 45,057,474. Akaniuliza mshindi alipata shilingi ngapi.

Nilijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa hela ya kukopa kwenye mchezo wa shangazi. Alinipa zamu yake, akaenda kukaa wiki ya tisa. Hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko ile elfu tatu ya Jumamosi, na sikuilipa mimi. Mei nikafanya mtihani. Kwenye karatasi ya pili swali la uwezekano lilikuwepo, na nilianza nalo, jambo ambalo mwaka uliotangulia nisingethubutu. Nilimwandikia msahihishaji mstari mmoja wa maneno kabla ya namba, kueleza ninahesabu nini, kwa sababu mwalimu alinizoesha hivyo. Nilipata C.

Msimu uliofuata mnunuzi alirudi na kidole chake, na shangazi akanisukuma mbele. Nilikuwa nimekaa na kauntabuku siku mbili. Nikamwambia, kaka, badala ya kubonyeza matatu, bonyeza matano. Ila boksi likataliwe ukipata mabovu mawili, siyo moja. Akaona anaongezewa matunda ya kukagua, akafurahi, akakubali.

Kwenye boksi lenye mabovu mawili, kuyapata yote mawili ndani ya matano ni 18C3 juu ya 20C5: 816 kwa 15,504, ambayo ni 1 kwa 19 kamili. Kutoka asilimia 28 tukashuka mpaka kama 5. Na hapa niwe mkweli: sheria hiyo inamwumiza yeye kwenye maboksi mabovu hasa. Boksi lenye mabovu sita, sheria ya zamani ingelikamata kama mara 68 katika 100, hii yetu mara 48. Hakuuliza, na mimi sikumwambia. Tulichambua mchana msimu huo, kwa jua, na vijana walipanda na mifuko, kwa hiyo najipa moyo kwamba maboksi ya mabovu sita hayakuwepo.

Shangazi alitaka namba moja tu. Nikamwambia: maboksi arobaini, yatarudi kama mawili.

Jioni gari limeondoka, pembeni ya ukuta yamekaa maboksi matatu. Akayatazama, akanitazama.

"Ulisema mawili."

Nikaanza kumweleza maana ya wastani. Akalinyanyua la juu, akanitwika, akasema twende sokoni kabla hawajafunga.